Kupaka rangi ujumbe wa konsoli katika JavaScript

Anayeandika programu ya kupokea mizigo ya zabibu kutoka Hombolo na Mpunguzi hufungua konsoli ya kivinjari, yaani dirisha linaloonyesha ujumbe wa programu, mara nyingi kwa siku, na msimu wa mavuno unapofika, ambao huko Dodoma huja mara mbili kwa mwaka, mistari hufuatana kwa kasi hata ule mmoja wenye kasoro ukamezwa na mingine. Dawa yake ni alama %c, ambayo huwekwa ndani ya maandishi ya kwanza ya console.log, pale hasa mtindo unapotakiwa kuanzia, kisha kanuni za CSS, lugha ya kupamba kurasa za wavuti, zikafuata baada ya mkato:

console.log("%cHOMBOLO%c kilo 420 zimepokelewa", "background: purple; color: white; padding: 2px 6px", "");

Tazama %c ya pili na zile alama za nukuu zisizo na kitu mwishoni. Hizo ndizo zinazorudisha maandishi katika hali ya kawaida. Pasipo hizo, zambarau ingeenea hadi mwisho wa mstari. Kila %c hudai mtindo wake kwa mpangilio uleule, na mtindo mmoja ukipungua, alama yenyewe hubaki ikisomeka kama ilivyoandikwa.

Mtindo unaorudiwa uhifadhiwe mahali pamoja:

const kasoro = "color: white; background: darkred; font-weight: bold";
console.error("%cMpunguzi: uzito haukuandikwa", kasoro);

Nimetumia console.error kwa makusudi, kwa sababu nayo huipokea %c, na zaidi ya hapo ujumbe wake huweza kuchujwa peke yake. Ukitaja rangi ya herufi, taja na ya nyuma yake, maana maandishi meusi hupotea kabisa kwa mwenzako anayetumia konsoli yenye giza. Binafsi sivuki rangi mbili. Konsoli iliyopambwa kama khanga za dukani haimwonyeshi mtu chochote.

Upande wa seva mambo ni mengine. Node.js, inayoendesha JavaScript nje ya kivinjari, huimeza %c pamoja na mtindo wake bila kupaka rangi yoyote, hivyo hutumika namba za ANSI, yaani amri za rangi zinazoeleweka na terminali na kuanza na \x1b[, ambapo 31 ni nyekundu, 32 ni kijani na 0 hufuta rangi:

console.log("\x1b[31mUzito haukuandikwa\x1b[0m");

Ukiisahau ile 0, mistari inayofuata nayo itatoka myekundu, hata ile ya mizigo iliyopokelewa salama.