Namna ya Kuchagua na Kutumia Nyenzo Nyumbufu za Kuchukulia Chapa ya Meno

Chapa ya meno ni nakala iliyogeuzwa ya meno na fizi, ambayo humiminiwa jasi ili maabara ipate kielelezo cha kutengenezea kofia ya jino, daraja (jino bandia linaloshikwa na meno ya jirani) au meno bandia. Nyenzo isiyonyumbuka, mathalani plasta, haiwezi kutoka kinywani salama inapokutana na mbonyeo, yaani sehemu ya jino iliyo nyembamba kuliko ile iliyo juu yake, kwa kuwa itavunjika. Nyenzo nyumbufu hutanuka wakati wa kutolewa, kisha hurudi katika umbo lake, ingawa hakuna hata moja inayorudi kikamilifu. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kopo lolote, jiulize jasi itamiminwa lini, kwa sababu jibu la swali hilo huondoa nusu ya nyenzo zilizopo mezani.

Ikiwa jasi itamiminwa hapohapo kliniki, na kielelezo ni cha uchunguzi, cha kutengenezea trei maalumu (trei ni chombo kinachobeba nyenzo kinywani) au cha kifaa cha kunyooshea meno, alginati inatosha. Unga wake una chumvi ya alginati, ambayo huganda inapokutana na kalsiamu itokayo katika salfati ya kalsiamu. Fosfati ya sodiamu iliyochanganywa humo huitangulia alginati kuikamata kalsiamu, na hapo ndipo unapopata muda wa kukoroga na kuweka trei. Maji ya vuguvugu huufupisha muda huo, kwa hiyo tumia maji ya nyuzijoto 20 hivi za Selsiasi, na ukitaka muda zaidi tumia maji ya baridi badala ya kubadili kipimo cha unga. Koroga kwa nguvu huku ukiusukuma mchanganyiko kwenye ukuta wa bakuli la mpira mpaka uwe laini na usio na chembe kavu.

Trei iache nafasi isiyopungua milimita 3 kati yake na meno, kwani alginati nyembamba huvutwa kupita kiasi na huchanika. Ikishakaa mahali pake ishikilie bila kuitikisa. Mtikisiko wakati wa kuganda huacha mkazo ndani ya chapa, nao hulegea baadaye na kuipotosha. Usiitoe mara tu inapoacha kunata, bali subiri dakika 2 au 3 zaidi, kwa sababu uimara wake bado unaongezeka. Kisha ivute kwa mkupuo mmoja, kwa kufuata mwelekeo wa meno. Wengi huitoa polepole wakidhani wanamhurumia mgonjwa, kumbe alginati ikivutwa kwa haraka hustahimili kuchanika vizuri zaidi na hurudi katika umbo lake kwa ukamilifu zaidi kuliko ikivutwa taratibu.

Alginati iliyoganda kwa sehemu kubwa ni maji. Ikiachwa hewani hupoteza maji na kusinyaa. Ikilowekwa huyanywa na kuvimba, na kosa la pili si dogo kuliko la kwanza. Isuuze mate na damu, inyunyizie dawa ya kuua vimelea inayoruhusiwa na mtengenezaji, ifunike kwa karatasi yenye unyevunyevu ndani ya mfuko uliofungwa, kisha mimina jasi mapema, ikiwezekana ndani ya dakika 10 hadi 15 baada ya kutoka kinywani. Aga, ambayo huyeyushwa kwa joto na kuganda ikipozwa, ina tabia hiyohiyo ya maji na inadai mtambo wa kuichemshia na trei zinazopozwa kwa maji, hivyo haitumiki sana kinywani siku hizi.

Kwa kofia na madaraja, au pale chapa inaposafirishwa kwenda maabara ya mbali, tumia nyenzo za jamii ya mpira. Polisalfaidi haichaniki kwa urahisi, lakini hunuka, huchelewa kukaza, na hurudi katika umbo kwa udhaifu kuliko wenzake. Silikoni ya aina ya kwanza, inayotoa alkoholi inapokaza, husinyaa kadiri alkoholi hiyo inavyotoka, na haifai kusubirishwa. Silikoni ya aina ya pili, inayokaza kwa kuungana tu bila kutoa kitu kama hicho, ndiyo ningeichagua kwa kazi nyingi: hurudi katika umbo kwa zaidi ya asilimia 99, na inaweza kumiminiwa jasi baada ya siku kadhaa, hata zaidi ya mara moja.

Silikoni hiyo ina masharti yake. Salfa iliyomo katika glavu za mpira wa asili huizuia isikaze, hata kama glavu hizo ziligusa meno tu na si nyenzo yenyewe, kwa hiyo vaa glavu za vinaili unapoikanda kwa mkono. Baadhi ya aina zake hutoa haidrojeni baada ya kukaza, na ukimimina jasi mapema mno kielelezo huwa na vitundu. Fuata muda wa kusubiri ulioandikwa na mtengenezaji. Tena kwa asili yake hukimbia maji, na hata zile zilizotiwa kiambato cha kupunguza tabia hiyo bado zinahitaji jino lililokaushwa vizuri.

Pale unyevu unapokuwa mgumu kudhibiti, polietha huelekea kushinda, kwani hutandaa vyema juu ya jino lenye unyevu kidogo. Lakini ikikaza huwa ngumu, hivyo ziba kwanza kwa nta mianya mikubwa kati ya meno na chini ya madaraja yaliyopo, la sivyo trei itakataa kutoka. Kwa kuwa hunywa maji, ihifadhi kavu, wala usiiweke pamoja na chapa ya alginati katika mfuko wenye unyevu.

Kwa nyenzo yoyote ya jamii ya mpira, paka gundi ya trei na uiache ikauke kabla ya kujaza, kisha ikague chapa chini ya mwanga mkali mgonjwa akiwa bado kitini. Kiputo kilicho mbali na jino lililochongwa ili livishwe kofia au libebe daraja kinaweza kuvumiliwa. Kilicho kwenye ukingo wa mchongo kinamaanisha kurudia chapa nzima, baada ya kusogeza fizi na kukausha upya.