Jinsi ya kupima msambao wa molekuli juu ya uso unapojenga kwa mwale wa elektroni

Mwanafunzi mmoja aliniletea picha za doti zake za platini, zilizojengwa kwa mwale wa elektroni unaovunja molekuli za gesi zilizonata juu ya uso na kuacha platini. Kila doti ilikuwa na ukingo ulioinuka na bonde katikati, palepale mwale ulipokuwa mkali zaidi. Alidhani umbo la mwale limeharibika, kumbe mwale ulikuwa mzima. Katikati, elektroni zilikuwa nyingi kuliko molekuli zilizobaki za kuvunjwa. Pembeni, molekuli mpya zilikuwa zikitambaa juu ya uso kutoka nje na kuvunjwa kabla hazijafika katikati. Bonde hilo ni alama ya msambao wa uso, yaani huko kutambaa kwa molekuli, na unaweza kuupima badala ya kuukisia.

Nachukulia kwamba unajua kuendesha hadubini ya elektroni yenye sindano ya gesi, na kwamba mwale umeshalengwa vizuri.

Hatua ya 1: Safisha. Pitisha sampuli ya silikoni kwenye plazma ya oksijeni, na chemba pia kama ina kifaa hicho. Haidrokaboni zilizobaki nazo hutambaa na kuvunjwa na mwale. Usiposafisha, utapima kaboni ukidhani ni platini.

Hatua ya 2: Fungua gesi. Kwa platini wengi hutumia MeCpPtMe3, molekuli iliyobeba atomi ya platini. Subiri shinikizo litulie.

Hatua ya 3: Chora doti na mraba, ukibadilisha muda wa kusubiri tu. Hapa ndipo watu hupoteza siku nzima, kwa hiyo soma yote kabla ya kugusa mashine.

Molekuli hufika chini ya mwale kwa njia mbili: kushuka kutoka kwenye gesi, na kutambaa kutoka pembeni. Doti iliyo peke yake hulishwa kwa njia zote mbili. Katikati ya mraba mpana, majirani wote nao wana njaa, hivyo kinachobaki ni gesi karibu peke yake. Tofauti kati ya doti na mraba ndiyo msambao unaoutafuta.

Weka muda wa mwale kukaa kwenye pikseli uwe mikrosekunde 1, na idadi ya mizunguko (mara ambazo mwale unapitia umbo zima) isibadilike. Kisha badilisha muda wa kusubiri kati ya mzunguko na mzunguko: milisekunde 0.5, 1, 2, 5, 10, 50. Kimo kitapanda kadiri unavyosubiri, halafu kitatulia. Kwa doti anza chini zaidi, hata milisekunde 0.05, kwa sababu hujaa haraka.

Mraba una mpaka wake. Ukiwa na upande wa nanomita 500 na pikseli kila nanomita 25, una pikseli 400. Mzunguko mmoja hauwezi kuwa mfupi kuliko milisekunde 0.4, hata ufanye nini. Ukiupanua sana, muda wa kusubiri unakuwa mrefu kiasi kwamba uso unajaa kila mara na huoni chochote.

Usichore kwa mwendo wa kwenda na kurudi kama mkulima anayelima kwa ng'ombe. Eneo la kwenye ukingo wa kugeuzia hutembelewa mara mbili kwa haraka, lile la katikati hapana, kwa hiyo muda wa kusubiri haulingani ndani ya mraba mmoja. Anza kila mstari upande uleule. Programu yako inaweza kuwa imewekwa kinyume chake, kwa hiyo kagua.

Hakikisha pia mwale unazimwa kati ya mizunguko. Usipozimwa, huegeshwa mahali fulani na kujenga doti ambayo hukuiomba, na doti hiyo hula molekuli za jirani. Kwa sababu hiyohiyo tenganisha doti zako kwa mikromita moja au zaidi.

Jambo la mwisho: jenga kimo cha nanomita chache tu. Doti ikishakuwa nguzo, molekuli hazitambai tena juu ya silikoni. Zinapanda juu ya platini iliyochanganyika na kaboni, na huo ni uso mwingine wenye msambao wake.

Hatua ya 4: Pima kimo. Tumia hadubini ya nguvu za atomi. Sikubali vimo vinavyosomwa kwenye picha ya elektroni iliyoinamishwa, kwa sababu kuitazama sampuli gesi ikiwa bado imebaki ni kuendelea kujenga. Utauona mstatili mweusi palepale ulipotazama.

Hatua ya 5: Kokotoa. Kwa doti na kwa mraba, chora mkunjo wa kimo dhidi ya muda wa kusubiri, kisha soma muda (t) ambao kimo kimepata asilimia 63 ya ongezeko lote. Kadirio zuri la ukubwa wa D, yaani kipimo cha kasi ya msambao, ni:

D ≈ r² × (1/t ya doti − 1/t ya mraba)

r ni nusu kipenyo cha eneo lililoishiwa molekuli. Tuseme t ya doti ni milisekunde 0.4, ya mraba ni 1, na r ni nanomita 30. Tofauti ni 1500 kwa sekunde, na D ni takriban nm² milioni 1.35 kwa sekunde. Kipeuo cha pili cha D mara t ya mraba kinakupa umbali ambao molekuli hutambaa: kama nanomita 37. Maumbo yaliyo madogo kuliko hapo yatalishwa vizuri kutoka pembeni, na yaliyo makubwa zaidi yatakuwa na bonde usiposubiri.

Kama bonde linakusumbua, ongeza muda wa kusubiri kwanza. Wengi hukimbilia kupasha sampuli moto, wakitumaini molekuli zitatambaa mbali zaidi. Ni kweli zinakwenda kasi, lakini pia zinabanduka mapema. Kwa kuwa nishati ya kubanduka kwa kawaida ni kubwa kuliko ya kuruka hatua moja, joto hufupisha umbali. Kwenye joto la chumba, molekuli iliyonata kwa nishati ya eV (elektronivolti) 0.6 hukaa kama milisekunde 1.4, na ya eV 0.7 hukaa kama milisekunde 69, ukichukua mitetemo 10¹³ kwa sekunde. Kupoza kidogo ndiko kunakorefusha umbali, mradi usifike pale ambapo gesi inaganda tabaka juu ya tabaka.