Kula nje na watoto wadogo kwenye muziki wa bendi: tulivyofanya, hatua kwa hatua

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu. "Dada, kuna bendi Jumamosi jioni, wanasema familia zinakaribishwa. Niende nao au niwaache nyumbani?" Ana wa miaka 4 na wa miezi 18. Nikamwambia twende wote. Tulikula, tukasikiliza, tukarudi salama, na kesho yake akaniomba nimwandikie tulivyofanya. Kazi yangu ni mitambo ya sauti, na nina mtoto wangu pia, kwa hiyo nimeandika kwa yeyote mwenye hamu kama yake.

Hatua ya 1: Piga simu kabla

Kuuliza kama watoto wanaruhusiwa hakutoshi. Uliza bendi inaanza kupiga saa ngapi hasa, spika zimekaa upande gani, na kama kuna mahali pa kutokea pasipofika kelele. Kama anayepokea simu hajui habari za spika, mwombe akuunganishe na fundi wa sauti.

Weka nafasi ya awamu ya kwanza ya muziki. Watu wakijaa ukumbini miili yao hunyonya sauti na maongezi huzidi, basi fundi hupandisha. Mimi mwenyewe hupandisha. Awamu ya pili ni nadra kuwa ya chini kuliko ya kwanza.

Hatua ya 2: Masikio

Someni hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo nilipowahi kupoteza jioni nzima. Mwanangu alikuwa na miaka 2. Nilinunua vifuniko vya masikio siku ile ile na kuvitoa kwenye boksi mezani, ngoma zikiwa zimeshaanza. Alivitupa. Nikamvisha, akavitupa tena huku akilia, mkono mmoja umeshika sikio. Tulikaa kwenye maegesho kwa muda wa karibu saa mbili, chakula kimepoa ndani, na yeye hakutaka tena kukiona kile kitu kichwani mwake kwa miezi.

Kwa hiyo anza nyumbani, siku 4 au 5 kabla. Siku ya kwanza mwachie avichezee tu, uvivae wewe au umvishe mwanasesere. Siku ya pili mvishe dakika chache akiwa anaangalia katuni. Siku ya tatu washa blenda akiwa amevaa, ili aone mwenyewe kwamba kelele inapungua. Mtoto akishaelewa hilo, atakuomba mwenyewe. Wa mdogo wangu, yule wa miaka 4, alivishika kwa mikono miwili gitaa lilipolia na kusema, "Mama, sasa yako mbali."

Nunua vya kukumbatia sikio lote, vya saizi ya mtoto. Viziba vidogo vya kuingiza ndani ya sikio sivitaki kabisa kwa watoto wa umri huu: vinachomoka, vinaishia mdomoni na vinaweza kumkaba. Pamba haizuii kitu cha maana. Hedifoni za kusikilizia muziki hazikutengenezwa kulinda masikio, hata zile zinazotangazwa kuondoa kelele. Angalia namba kwenye boksi inayoonyesha kelele inapunguzwa kiasi gani, SNR kwa vipimo vya Ulaya au NRR kwa vya Marekani, lakini jua kwamba namba hiyo ilipatikana maabara. Kichwani mwa mtoto anayegeukageuka utapata pungufu. Nywele nene, kofia, kibanio au miwani vikipita chini ya kikombe cha kifuniko, sauti inaingia hapo hapo. Pitisha kidole kuzunguka kikombe chote kuhakikisha kimegusa ngozi.

Kwa nini nasisitiza? Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inawawekea wafanyakazi watu wazima kikomo cha desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Bendi ndani ya ukumbi hufika 95 bila shida. Na chembe za kusikia zilizo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. NIOSH wana programu ya bure ya kupimia sauti kwenye iPhone, naipenda kuliko nyingine zote. Weka simu pale kichwa cha mtoto kilipo, isiwe kwenye usawa wako.

Hata akiwa amevaa, mtoe nje apumzike kidogo kila baada ya nyimbo kadhaa.

Hatua ya 3: Meza

Ufike mapema, kabla mitambo haijawashwa, na usidanganyike na utulivu wa wakati huo. Tafuta spika kwa macho. Zile za juu hutupa sauti mbele yake, kwa hiyo kaa pembeni ya mstari huo. Maboksi ya besi hukaa sakafuni, usawa wa kifua cha mtoto, na besi husambaa kila upande. Kona inaonekana mahali pazuri pa kujificha, kumbe besi hujikusanya pale. Mahali pa wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili kutoka kwenye spika sauti hushuka kama desibeli 6. Ndani ya ukumbi hushuka pungufu ya hapo, maana kuta zinairudisha.

Mimi huchagua meza ya nyuma, karibu na mlango, mtoto akikaa upande wa ukutani mbali na njia ya wahudumu. Mdogo wangu alitaka mbele ili waone ngoma. Tuliwapeleka kuziona wakati wa mapumziko, na mpiga ngoma akamwachia mkubwa apige mara moja.

Hatua ya 4: Chakula

Agiza cha watoto ukikaa tu, kabla ya chako. Bisi na karanga nzima wasipewe walio chini ya miaka 4, na zabibu zikatwe vipande vinne kwa urefu. Penye muziki hutasikia mtoto akipaliwa, itabidi umwone, kwa hiyo mkalishe uso ukikuelekea. Vinywaji vya moto viwe katikati ya meza, mbali na mkono wake.

Hatua ya 5: Kuondoka

Lipa bili mapema, chakula kikishafika. Ondokeni wangali wanafurahi, na vifuniko visivuliwe mpaka mlango umefungwa nyuma yenu.