Zege la rangi: chunga maji
Ukitaka zege la rangi uani au kwenye njia ya wapita kwa miguu, kazi kubwa iko kwenye maji. Mchanganyiko mmoja ukizidi maji, rangi yake hupauka kuliko ya jirani yake, na kipande hicho kitakukera miaka yote. Pima kwa ndoo ile ile, si kwa kukadiria, hata fundi akikuambia amezoea. Halafu usilifunike kwa nailoni likiwa bichi: pale nailoni inapokunjamana hubaki mabaka yasiyotoka kwa kusugua. Mpako wa kung'arisha usubiri siku 28 hivi. Kama ni ngazi au pembeni ya bwawa, uchanganye na mchanga laini, maana zege linalong'aa likilowa huteleza vibaya.