Kufuatilia shamba la babu huko Bushi: hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mjukuu mwenye asili ya Bushi, nchi ya Bashi huko Kivu Kusini, Kongo, anayeishi Bukavu, Kinshasa au ng'ambo, na anachojua ni kwamba "babu alikuwa na shamba upande wa Walungu" au Kabare, basi. Tunatafuta historia. Ukitaka kudai shamba, tafuta wakili.

1. Anza na mashangazi. Baba wadogo watakusimulia ukubwa wa shamba. Mashangazi ndio waliolilima, wanajua lilipoishia. Uliza nani alipakana nalo juu na chini, kijito gani kilipita, na ng'ombe wa kalinzi, yaani aliyetolewa ili kupata shamba, alipelekwa kwa nani. Andika kwenye daftari, hata kama unarekodi kwa simu.

2. Jua babu alilishikaje. Kwa kalinzi, alitoa ng'ombe kwa mwami (mfalme wa kimila) au kwa chefu aliye chini yake, na haki ikawashukia watoto. Kwa bwasa aliazima tu ili alime kwa muda, na hakuruhusiwa kupanda mazao ya kudumu. Kwa hiyo mzee akikwambia "pale palikuwa na migomba ya babu yako", mwombe arudie polepole: mgomba ni zao la kudumu, huenda ilikuwa kalinzi.

3. Panga majina. Usiruke hapa, hata kama una haraka. Kwa Bashi wengi baba na mtoto hawakubeba jina moja, kwa hiyo kutafuta kwa jina lililo kwenye pasipoti yako ni kujichosha. Tengeneza ukurasa mzima wa majina ya babu: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, na lile la "baba fulani". Kisha ongeza tahajia. Cirhuza mmoja anaweza kuandikwa Chiruza au Tshiruza, kutegemea karani. Kumbuka pia mwaka 1972, Rais Mobutu alipokataza majina ya Kikristo: Pierre wa karatasi za zamani hutoweka, na mtu yuleyule anaendelea kwa jina la mababu peke yake. Usidhani ni watu wawili.

Mahali nako kuna majina yake. Barua ya wakati wa Wabelgiji itasema Costermansville, nayo ni Bukavu. Ukisikia "shamba liliingia kwenye plantesheni", acha kumtafuta babu, fuata plantesheni. Tangu 1928 Comité National du Kivu, shirika la wakati wa ukoloni, iligawa ardhi kwa walowezi, na mwisho wa 1973 mashamba ya wageni yakapewa Wazaire, yaani Wakongo, maana nchi iliitwa Zaire wakati huo. Hapo mlolongo wa wenye shamba huruka ghafla, na jina linalofuata huenda halina uhusiano wowote na kijiji.

4. Karatasi. Parokia kwanza: daftari la ubatizo huonyesha wazazi na kijiji. Kisha ofisi ya chefferie, yaani ya utawala wa kimila. Konservateri wa hati (ofisa anayeandikisha ardhi) na kadasta (ofisi ya upimaji) nawaweka mwisho, maana shamba la kimila mara nyingi halikuandikishwa huko. Kwa sheria ya 1973 ardhi yote ni ya Serikali, na haki ya mtu juu yake huthibitishwa na sertifika ya kuandikishwa. Ukikuta sertifika ya mtu mwingine, soma tarehe: ikishapita miaka miwili, ni vigumu mno kuipinga.

5. Shambani. Pita kwanza kwa chefu wa kijiji, mpe salamu, umweleze unachotafuta. Usibebe mkanda wa kupimia, wala usipige picha ya mpaka kabla hujaruhusiwa. Wanaolima pale leo watadhani umekuja kuwafukuza. Alama za GPS chukua ukiwa njiani, kwenye kijito na njia panda.