Somo: Katuni ya kurasa 16, kutoka Malindi hadi Calicut 1498, kwa wasomaji wa miaka 8 hadi 12

Somo hili linafuata safari moja ya kweli. Tarehe 24 Aprili 1498 merikebu tatu za Mreno Vasco da Gama ziling'oa nanga Malindi zikiongozwa na mwalimu aliyetolewa na Sultani wa mji. Tarehe 20 Mei zilikuwa karibu na Calicut, pwani ya Malabar huko India. Mwalimu hapa si wa darasani: ni mjuzi wa njia za bahari, anayesoma nyota, rangi ya maji na ndege. Safari hii inafaa katuni kwa sababu pwani yetu imo ndani yake, na kila tukio lake linaendeshwa na upepo. Mchoraji akiukosea upepo, mtoto wa Kizingitini aliyezaliwa chomboni atamkamata kwenye fremu ya kwanza.

Hatua ya 1: Upepo kwanza, hadithi baadaye

Kabla ya kuandika neno lolote, chora kalenda ya miezi 12 kwenye karatasi moja na uibandike ukutani. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na India. Kusi hushika Aprili na kuendelea hadi Septemba. Ikivuka Ikweta hupinda na kusukuma vyombo kuelekea India. Juni na Julai huwa kali mno. Mwisho wa Aprili ndio mlango wenyewe: kusi imeshika, bado haijachafua bahari.

Sasa weka tarehe za safari juu ya kalenda. Kwenda: siku 26, na 23 kati ya hizo bila kuona nchi kavu. Kurudi, wageni hawakungoja kaskazi. Waliondoka kisiwa cha Anjediva tarehe 5 Oktoba, wakafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Ni miezi mitatu ya shwari na pepo za mbisho. Kiseyeye kiliua mabaharia 30 hivi: fizi huvimba zikafunika meno, miguu ikavimba. Waliobaki walikuwa wachache kiasi kwamba waliichoma moto merikebu yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Bahari ni ile ile, siku 26 kwa miezi mitatu. Hiyo ndiyo hadithi yako, na mtoto wa miaka 9 ataielewa bila kuhubiriwa ukiionyesha kwa umbo la kurasa. Safari ya kwenda ipe fremu pana, 3 au 4 kwa ukurasa. Ya kurudi ipe fremu nyembamba zilizosongamana, 8 au 9, anga ikizidi kupungua.

Hatua ya 2: Mtoto mwenye kazi

Mhusika mkuu ni wa kubuni, mwenye miaka 12 hivi, maana watoto hupenda kusoma juu ya aliyewazidi kidogo. Mpe kazi chomboni: kutupa bildi kupima kina, kukumba maji ya ngamani (chini kabisa ndani ya chombo), kumshikia mwalimu kibao cha nyota. Kosa kubwa la katuni za historia ni mtoto anayesimama pembeni akishangaa wakubwa. Asiyekuwa na kazi hawezi kukosea, na asipokosea hakuna kisa.

Kibao cha nyota, ambacho Waarabu hukiita kamal, kinastahili fremu tatu peke yake. Ya kwanza: kibao kidogo cha mstatili, uzi umepita katikati, uzi una mafundo. Ya pili: fundo limebanwa kwa meno, uzi umekazwa, jicho moja limefumbwa. Ya tatu: ukingo wa chini wa kibao umegusa upeo wa bahari, ukingo wa juu umegusa nyota. Kila fundo ni bandari. Nyota ikikaa sawasawa kwenye fundo la bandari yako, umefika usawa wake. Kilichobaki ni kufuata mstari huo.

Nyota yenyewe usiitundike popote. Malindi iko nyuzi 3 kusini ya Ikweta, kwa hiyo Nyota ya Kaskazini haikuonekana pale. Ilionekana siku chache baada ya kuondoka, ikiwa chini kabisa. Karibu na Calicut, nyuzi 11 kaskazini, ilikuwa kiasi cha ngumi moja juu ya maji ukinyoosha mkono. Lisbon ni karibu ngumi nne. Kwa Mreno ile ni nyota ya nyumbani iliyoshuka. Fremu hiyo haihitaji maneno.

Hatua ya 3: Mgawo wa kurasa

Karatasi moja ya A4 ikikunjwa hutoa kurasa 4 za A5. Karatasi 4 ni kurasa 16, na jalada ni karatasi ya tano, manila ya gramu 160 au zaidi. Kurasa 1 hadi 4 ni Malindi, 5 hadi 10 ni bahari ya kwenda, 11 na 12 ni Calicut, 13 hadi 15 ni kurudi. Ukurasa wa 16 ni ramani na maelezo mafupi: kipi kimeandikwa na walioshuhudia, kipi umebuni. Usiuache huo. Watoto huuliza.

Kurasa zenye namba witiri hukaa kulia. Kwa hiyo swali liweke chini ya ukurasa wa 5 na jibu juu ya ukurasa wa 6, mtoto afunue mwenyewe. Ukiweka jibu upande wa pili wa kurasa zilizofunuka pamoja, jicho lake litaliona kabla hajafika.

Hatua ya 4: Omo inatazama wapi?

Weka jicho la msomaji upande wa kusini siku zote. Kwenda, omo (mbele ya chombo) inatazama kulia. Kurudi, inatazama kushoto. Chombo kikigeuka ovyo kati ya fremu, mtoto hudhani kimerudi Malindi. Kwa mpangilio huu, wakati wa kwenda, asubuhi jua linachomoza mbele ya omo na jioni linazama nyuma ya tezi (nyuma ya chombo); kurudi ni kinyume. Malindi jua hutoka baharini na kuzama bara. Pwani ya Malabar ni kinyume: linazama baharini. Machweo juu ya maji yahifadhi kwa ukurasa wa 12, msomaji ahisi kwamba amevuka.

Kosa la upepo linaloonekana kila mahali ni hili: tanga limejaa kuelekea mbele, bendera inapepea kuelekea nyuma. Upepo ni mmoja. Ukitoka tezi, basi tanga, bendera, moshi wa jiko na nywele zote huelekea omo. Chora mshale mdogo wa penseli pembeni ya kila fremu kabla ya kuchora chochote, ufute mwishoni.

Hatua ya 5: Vyombo na mapokezi

São Gabriel na São Rafael zina milingoti mitatu: miwili ya mbele ina matanga ya mraba, wa nyuma una tanga la pembe tatu. Bérrio ni ndogo kuliko hizo. Vyombo vya pwani yetu vichore bila msumari hata mmoja. Shajara ya safari ile, iliyoandikwa na mmoja wa waliokuwamo, inasema mbao zilishonwa kwa kamba na matanga yalikuwa ya mikeka. Mshono uonekane: kamba za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) zinapita tundu hadi tundu kando ya kila kiungo. Ukichora jahazi la leo lenye misumari, umekosea kwa karne kadhaa.

Mapokezi ya Malindi yameelezwa kwa undani ndani ya shajara hiyo, tumia kila chembe. Sultani alikuja kwa mashua, amevaa joho la hariri lenye mapambo ya kitambaa cha atlasi cha kijani, ameketi kwenye viti vya shaba vyenye mito, chini ya mwavuli wa mviringo wa atlasi nyekundu. Mzee alimshikia upanga mfupi wenye ala ya fedha. Kulikuwa na tarumbeta, na siwa mbili za pembe za ndovu zilizonakshiwa, ndefu kama mtu. Siwa hupulizwa kupitia tundu la ubavuni. Ukimchora mpigaji ameweka mdomo kwenye ncha, umeharibu fremu nzuri kuliko zote.

Hatua ya 6: Maneno kabla ya wino

Andika maneno kwa penseli kwanza, ndipo uchore viputo vya kuyazunguka, ndipo watu. Kiswahili kina maneno marefu: "wamekwishatutangulia" ni neno moja na linakula mstari mzima. Weka maneno yasiyozidi 18 kwa kiputo, viputo 2 kwa fremu, kama maneno 70 kwa ukurasa. Neno lisipotosha, likate kwenye silabi: wa-me-ku-ta-na. Usitenganishe ng', ny wala mb.

Chora kwenye A4 ukijua utapunguza hadi A5, yaani asilimia 71. Herufi ya milimita 4 itachapwa ikiwa karibu 3. Chini ya hapo mtoto anachoka. Kalamu ya 0.8 kwa mipaka ya fremu, 0.5 kwa watu, 0.3 kwa kamba. Mstari mwembamba kuliko huo hupotea kwenye fotokopi.

Hatua ya 7: Kuchapa

Skani kwa dpi 600, nyeusi na nyeupe. Acha milimita 10 pande zote, mashine nyingi hazifiki ukingoni. Karatasi ya kwanza: nje 16 na 1, ndani 2 na 15. Ya pili: 14 na 3, kisha 4 na 13. Ya tatu: 12 na 5, kisha 6 na 11. Ya nne: 10 na 7, kisha 8 na 9. Kila jozi jumla yake ni 17. Ikitoka nyingine umekosea. Geuza karatasi kwa upande mfupi, la sivyo nusu ya kurasa zitakuwa kichwa chini. Bana pini mbili kwenye mkunjo, kisha punguza ukingo milimita 2.

Maswali ya wanachama

Swali (Tanga): Walimu wangu, shikamooni. Nimesoma kwamba mwalimu huyo alikuwa Ahmad ibn Majid. Nimpe jina hilo?

Jibu: Marahaba. Usimpe. Wanahistoria wengi wamelikataa dai hilo. Vyanzo vya Kireno humwita Malemo Cana au Canaqua, na kuna vinavyosema alikuwa Mgujarati. Hilo wala si jina: "Malemo" ni mwalimu, "Canaqua" ni mtazama nyota. Kwenye katuni mwite Mwalimu tu. Mwanahistoria Mreno João de Barros aliandika kwamba mwalimu huyo alipoonyeshwa astrolabu ya Wareno, chombo cha kupimia urefu wa jua na nyota, hakushangaa hata kidogo. Mchore uso huo uliotulia.

Swali (Mombasa): Karamu ya Malindi niweke chakula gani? Nimeshachora mahindi ya kuchoma na mananasi.

Jibu: Futa yote mawili, kaka. Mahindi, muhogo, nanasi, papai, korosho na pilipili hoho vilitoka Amerika na kufika kwetu baadaye. Weka mtama, wali, nazi, ndizi, samaki, kondoo, machungwa. Ukiona tafsiri ya shajara inataja mahindi Malindi, ujue neno la Kireno milho wakati huo lilikuwa mtama. Angalia na midomo ya wahusika: "bendera", "meza" na "leso" ni maneno tuliyopata kwa Wareno. Mtoto wako aseme "kitambaa kile juu ya mlingoti", halafu baharia amfundishe neno. Ni kisa cha fremu mbili kisicho na gharama.

Swali (Dar es Salaam): Wahusika wanaelewanaje? Wote wakisema Kiswahili si uongo?

Jibu: Kiarabu ndicho kilichowaunganisha, na Fernão Martins alikuwa mkalimani wa Wareno. Tumia mipaka ya viputo, dada: mstari mmoja kwa Kiswahili, mistari miwili kwa Kiarabu, nukta nukta kwa Kireno. Eleza mara moja tu, ukurasa wa 2. Mtoto wako asipoelewa Kireno, jaza kiputo kwa mikwaruzo, msomaji asielewe pia.

Swali (Lamu): Je, ukatili niufiche? Wasomaji wangu wana miaka 8.

Jibu: Usiufiche, wala usichore jeraha. Mbele ya Mombasa wageni waliwahoji mateka kwa kuwadondoshea mafuta ya moto. Onyesha sufuria, mikono iliyofungwa, kisha uso wa anayetazama. Fremu inayofuata iwe bahari ya usiku bila neno. Pia usiandike kwamba da Gama "aligundua" njia. Alipofika Malindi alikuta merikebu nne za Wahindi bandarini. Zichore kwenye ukurasa wa 1, nyuma ya minazi, kabla hajaonekana.

Swali (Mtwara): Shwari nachoraje? Yangu inaonekana kama nimesahau kumaliza.

Jibu: Piga mstari mmoja wa upeo kwa rula, tanga lining'inie kwa mikunjo ya wima, kivuli cha chombo kiwe chini yake bila kuvunjika. Halafu rudia fremu hiyo hiyo mara tatu, ukibadilisha kitu kimoja tu: kiwango cha maji ndani ya pipa.