Kupanga bustani ya mimea kwa miaka mia ijayo

Nilipoanza kazi bustanini, tulikuwa na safu ya mivule iliyopandwa msimu mmoja. Ilikuwa fahari yetu, mpaka ilipoanza kuzeeka pamoja. Ndani ya miaka michache njia nzima ikabaki jua kali, na kitaluni hatukuwa na mche hata mmoja wa kuirithi.

Kwa hiyo kabla ya kuchora ramani, shika daftari, uzunguke mti hadi mti. Andika jina, unene wa shina mita 1.3 kutoka ardhini, dalili za kuoza, na hasa mbegu ilitoka wapi. Mti usiojulikana asili yake ni kivuli tu. Mtafiti hawezi kuutegemea.

Kisha jiulize kila mti utasimama miaka mingapi zaidi. Ile unayoiona haitamaliza miaka 20, itafutie mrithi leo. Usimpande chini ya mzazi wake, maana mvule unataka mwanga. Wala usipande mivule mitupu kwa wingi mahali pamoja: kidudu kiitwacho Phytolyma huvimbisha machipukizi na kudumaza miche. Ichanganye na miti mingine, na upande michache kila baada ya miaka mitano ili isizeeke kwa mkupuo.

Miti ya kigeni ndiyo inayoninyima usingizi. Bustani ya Amani, kule Usambara Mashariki, Wajerumani waliianzisha mwaka 1902 wakaijaza mimea ya kila pembe ya dunia. Mti uitwao msizi (Maesopsis eminii), ulioletwa huko, haukutulia ulipopandwa: hondohondo walikula matunda yake, wakazitawanya mbegu hadi ndani ya msitu wa asili. Basi kila mgeni mweke kwanza kwenye kitalu cha pembeni, umwangalie anavyozaa na ndege gani wanamfuata. Akichipua mahali ambapo hukumpanda, mng'oe, hata kama maua yake yanapendwa na watu wanaokuja kutembea bustanini.

Njia na mifereji isubiri mvua za masika. Maji yenyewe yatakuonyesha yanakopita.

Mwisho, nakala ya daftari iwekwe jengo jingine. Daftari letu lililoa paa lilipovuja, wino ukafutika kurasa nyingi. Miti ile ipo hadi leo, ina vibao vyenye majina, lakini asili yake hatukuipata tena.